Mpe au Mnyime, Ila Usilipe kwa Woga: Mwongozo wa Kumwongezea Mkataba Kwotabeki Kijana

Siku utakapoteuliwa kuwa meneja mkuu wa timu ya futiboli ya Marekani, kazi yako ya kwanza ni kumnyang'anya mwenye timu kalamu. Usimwachie hata penseli, hasa kati ya Januari na Machi, wakati mechi za mtoano zimemjaza machozi ya furaha au ya uchungu. Hiyo ndiyo miezi ambayo mabilionea waliotajirika kwa kuhesabu senti humpa kijana wa miaka 25 mamia ya mamilioni kwa sababu ya Jumapili moja. Mpeleke akavue samaki. Mpeleke popote pasipo na wakala, mwandishi wa habari wala meza ya kusainia.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi. Kwotabeki ndiye mchezaji ambaye karibu kila shambulizi huanzia mkononi mwake. Anapokea mpira, ana kama sekunde tatu za kusoma uwanja mzima, kisha anarusha, anampa mwenzake au anakimbia mwenyewe huku watu wa kilo 130 wakija kumwangusha. Timu isiyo naye inahangaika miaka kumi ikimtafuta. Kwa hiyo ukimpata kijana anayeonekana kuiweza kazi hiyo, watu wote watakuuliza swali moja: je, ni mzuri? Achana na swali hilo. Hata muuza karanga wa nje ya uwanja ana jibu lake. Wewe unalipwa kujua uzuri wake unatoka wapi, na kulijua hilo mapema. Ukishajua, mlipe mara tu kanuni itakaporuhusu. Kama hujui, kiri kwamba hujui na utumie muda uliobaki kutafuta. Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayofilisi timu: kulipa kwa kuogopa kwamba ukimkosa huyu utachekwa.

Soma kalenda kabla ya kutazama video

Tangu makubaliano ya 2011 kati ya NFL, yaani ligi yenyewe, na chama cha wachezaji, kijana anayechaguliwa kwenye drafti, ule mnada wa kila mwaka wa klabu kuchagua wachezaji wapya, husaini mkataba wa miaka minne ambao bei yake imefungwa na nafasi aliyochaguliwa. Kabla ya hapo mambo yalikuwa holela. Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, alipewa na St. Louis Rams miaka sita yenye thamani ya dola milioni 78, kati yake milioni 50 za uhakika, kabla hajarusha pasi hata moja katika ligi. Mwaka uliofuata Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alisaini na Carolina Panthers miaka minne kwa dola milioni 22. Kipaji hakikuporomoka bei kwa miezi 12. Kanuni ilibadilika, na waliobebeshwa gharama ya mabadiliko hayo ni vijana ambao hawakuwa na kura katika chumba cha majadiliano.

Matokeo yake, kwotabeki kijana aliye mzuri ndiye mfanyakazi anayelipwa kidogo kuliko wote ukilinganisha na anachozalisha. Russell Wilson, aliyechaguliwa raundi ya tatu mwaka 2012, aliiongoza Seattle Seahawks kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014 huku mshahara wake wa msimu ule ukiwa haufiki dola milioni moja. Brock Purdy alichaguliwa wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa katika drafti nzima, na kwa malipo ya chini ya milioni moja aliifikisha San Francisco 49ers kwenye Super Bowl ya Februari 2024. Fedha ambayo klabu haikumlipa yeye ilinunua mabeki, wapokeaji na walinzi wa mbele. Meneja akae mezani akijua kwamba kijana huyu tayari ameifanyia timu kazi kwa mkopo, tena mkopo usio na riba. Anayemwita mroho kwa sababu sasa anadai chake hajui hesabu, au anaijua na hana haya.

Sasa tarehe. Mlango wa kwanza wa mazungumzo unafunguka baada ya msimu wa tatu wa mchezaji, si kabla. Ndiyo maana waliochaguliwa 2023, kama C.J. Stroud wa Houston Texans, iliwabidi wasubiri msimu wa 2025 uishe. Mlango wa pili ni mwanzoni mwa Mei wa mwaka huohuo. Kwa aliyechaguliwa raundi ya kwanza, klabu huamua kama itauchukua mwaka wa tano wa mkataba, na tangu makubaliano ya 2020 ukiuchukua umeudhamini wote hata akiumia kesho yake. Purdy, kwa kuwa alitoka raundi ya saba, hakuwa na mwaka wa tano, na hilo peke yake liliiharakisha San Francisco. Mei 2025 walimpa miaka mitano kwa dola milioni 265.

Mlango wa mwisho utawashangaza wapenzi wa kandanda waliozoea kuona mchezaji akimaliza mkataba anabeba viatu vyake na kuondoka bure. Katika NFL klabu inaweza kumwekea chapa mchezaji mmoja na kumzuia kwa mwaka mwingine, kwa mshahara unaotokana na wanaolipwa zaidi katika nafasi yake. Chapa ya pili hugharimu asilimia 120 ya ile ya kwanza. Ya tatu ni ghali kiasi kwamba ni kichaa tu atakayeitumia.

Ukishaamini, usichelewe hata wiki

Bei ya kwotabeki huenda kama bei ya kiwanja kando ya barabara mpya: kila jirani anayeuza chake amekupandishia chako. Tazama mwaka 2023. Aprili, Philadelphia Eagles walimpa Jalen Hurts miaka mitano kwa dola milioni 255, wastani wa milioni 51 kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko chochote kilichowahi kulipwa hadi siku ile. Siku kumi baadaye Baltimore Ravens wakafikia milioni 52 kwa Lamar Jackson. Julai, Los Angeles Chargers wakampa Justin Herbert milioni 52.5. Septemba, Cincinnati Bengals wakafika 55 kwa Joe Burrow. Mwaka uliofuata Dallas Cowboys walimlipa Dak Prescott 60. Philadelphia walikuwa wa kwanza kwenye foleni, na wakaambiwa wamelipa kupita kiasi. Baada ya miezi mitano walikuwa wamelipa kidogo kuliko wote waliofuata nyuma yao, na Februari 2025 Hurts aliwapa Super Bowl na tuzo ya mchezaji bora wa mechi ile.

Sababu ya pili ya kuharakisha ni ukomo wa mishahara, kiasi cha juu ambacho kila klabu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake wote. Kilikuwa dola milioni 224.8 mwaka 2023, kikawa 255.4 mwaka 2024 na 279.2 mwaka 2025. Milioni 51 za Hurts zilikuwa karibu asilimia 23 ya ukomo wa mwaka aliosaini. Miaka miwili baadaye kiasi hichohicho kilikuwa kama asilimia 18. Kansas City Chiefs waliliona hilo mapema. Julai 2020, mara tu Patrick Mahomes alipokuwa na misimu mitatu na Super Bowl moja, walimwongezea miaka kumi yenye thamani ya dola milioni 450, na marupurupu yanayoweza kuufikisha juu ya 500. Watu walishika vichwa. Kila mwaka uliopita tangu hapo umeufanya mkataba huo uonekane mwepesi zaidi.

Kwa hiyo ukiwa na imani usijivunie kuvumilia hadi Agosti ili upunguziwe milioni mbili. Kila wiki unayobishana, klabu nyingine inasaini, na wakala wa kijana wako analifuta lile dau la jana na kuandika jipya.

Mvue kila kitu, kimoja kimoja

Hapo nimesema "ukishaamini", na neno hilo limebeba mzigo wote. Kulipa mapema si hekima kwa sababu tu ni mapema. Juni 2019 Eagles haohao walimwongezea Carson Wentz miaka minne kwa dola milioni 128. Septemba ya mwaka huohuo Rams, waliokuwa wamehamia Los Angeles, walimpa Jared Goff miaka minne kwa milioni 134, kati yake 110 za uhakika. Wote wawili walichaguliwa 2016, Goff wa kwanza na Wentz wa pili. Wote walilipwa wakiwa bado na misimu miwili ndani ya mikataba yao ya awali. Na hakuna kati yao aliyecheza hata mechi moja kwa klabu yake ndani ya ile miaka minne iliyoongezwa: ilipofika 2021, mwaka ambao nyongeza ilikuwa inaanza, Wentz alikuwa ameuzwa Indianapolis na Goff Detroit. Philadelphia waliachiwa dola milioni 33.8 za fedha mfu, yaani fedha inayohesabiwa kwenye ukomo wako kwa ajili ya mtu anayevaa jezi ya wengine.

Mahomes na Hurts walilipwa mapema ikawa neema. Wentz na Goff walilipwa mapema ikawa msiba. Ukikaa na wazee wa klabu, mmoja atakuambia haraka haraka haina baraka, mwingine atakujibu ngojangoja huumiza matumbo, na kila mmoja atakuwa na mifano yake. Wote wanapima kitu kisichopimika, yaani muda wenyewe. Pima kilichomo ndani ya huo muda.

Njia ni hii. Mtazame kijana katika ushindi wake mkubwa, kisha anza kumvulia vitu. Mwondolee kocha anayemchagulia kila mchezo. Je, anasoma uwanja mwenyewe? Mwondolee mpokeaji wake bora. Mwondolee walinzi wa mbele, uone anafanya nini sekunde ya pili inapoharibika. Mwondolee ratiba nyepesi, na zile mechi ambazo timu yake iliongoza tangu mwanzo hivi kwamba hakulazimika kuthubutu. Kinachobaki ndicho unachokinunua. Wanaokesha Nairobi au Dar es Salaam kuisubiri Super Bowl ianze saa nane na nusu usiku huona pasi ikitua mikononi mwa mtu na kumpigia makofi aliyeirusha. Hiyo ni haki ya shabiki. Wewe unapaswa kuwaona pia walinzi watano waliompa nafasi ya kurusha, na kocha aliyejua siku mbili kabla kwamba pembe ile ya uwanja itakuwa wazi.

Chukua mfano wa Josh Allen, kwa sababu alikuwa mtihani mgumu. Alichaguliwa wa saba mwaka 2018 na Buffalo Bills, mkono wa ajabu na shabaha ya mashaka. Msimu wa kwanza asilimia 52.8 tu ya pasi zake zilipokelewa, wa pili 58.8, wa tatu 69.2. Kupanda namna hiyo ni nadra sana, na mwenye shaka alikuwa na hoja nzuri mkononi: kabla ya msimu wa tatu klabu ilimleta Stefon Diggs, mpokeaji hodari. Je, aliyekua ni Allen, au Diggs ndiye aliyemfanya aonekane mrefu? Bills walijibu Agosti 2021 kwa miaka sita na dola milioni 258. Walikuwa wamemwona kila siku mazoezini, walijua amejenga upya namna anavyosimama na kuzungusha mwili kabla ya kurusha, na walijua kwamba mchezo ukiharibika yeye huanza mwingine kwa miguu yake. Uthibitisho ulikuja Aprili 2024 Diggs alipouzwa Houston. Msimu uliofuata Allen alishinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Machi 2025 klabu iliurudia mkataba na kuupandisha hadi dola milioni 330 kwa miaka sita. Kansas City pia walipita njia hiyo: walimuuza mpokeaji Tyreek Hill mwaka 2022, na Mahomes akashinda Super Bowl mbili mfululizo bila yeye.

Sasa linganisha na Daniel Jones wa New York Giants, kisa ambacho ningekibandika kwenye ukuta wa kila ofisi ya meneja mkuu. Mei 2022 Giants waliukataa mwaka wake wa tano, uliokuwa na thamani ya dola milioni 22 na kidogo. Walikuwa na sababu za kutosha, maana misimu mitatu haikuwa imeonyesha kwotabeki wa kutegemewa. Kisha akaja kocha mpya, Brian Daboll, akampunguzia Jones maamuzi, akamtumia sana miguuni, na Saquon Barkley akabeba mpira alasiri nzima. Jones akamaliza msimu na pasi 15 za kufunga na tano tu zilizonaswa na wapinzani, akawafunga Minnesota Vikings kwenye mtoano, na jiji likawaka. Wiki iliyofuata Eagles waliwafunga 38 kwa 7. Machi 2023, dakika chache kabla ya muda wa kuweka chapa kwisha, Giants walisaini naye miaka minne kwa dola milioni 160.

Mvue Jones wa 2022 vitu vyake. Ondoa mpango wa Daboll, ondoa Barkley, ondoa ule mchana mmoja wa Minneapolis. Giants wenyewe walikuwa wamemvua mwezi Mei na wakaona kilichobaki hakitoshi milioni 22. Miezi kumi baadaye walilipa wastani wa milioni 40 kwa mtu yuleyule, kwa sababu kelele zilikuwa zimepanda na mshale wa saa ulikuwa unakimbia. Msimu uliofuata alicheza mechi sita na kupasuka kano ya goti. Novemba 2024 aliwekwa benchi, na siku chache baadaye akaachwa. Barkley, ambaye chapa ya klabu iliangukia kwake ili Jones alipwe, alihamia Philadelphia akakimbia yadi 2,005 katika msimu mmoja na kuchukua Super Bowl.

Goff ananisumbua zaidi, na sitaki kumweka kapu moja na Jones. Rams waliamua kwamba bila kocha Sean McVay sikioni mwake asingefika mbali, wakampeleka Detroit pamoja na chaguo mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili wampate kwotabeki Matthew Stafford, na katika msimu wake wa kwanza nao wakashinda Super Bowl. Huko Detroit watu walimpokea kama mzigo uliotupwa mlangoni. Lakini klabu ilimjengea ukuta imara mbele yake, ikampa mfumo unaotegemea pasi za wakati, kitu anachokiweza kuliko wengi, na Januari 2024 alifika mechi moja tu kabla ya Super Bowl. Mei mwaka huo alisaini miaka minne kwa dola milioni 212. Kumvua mtu vitu, basi, hakukuambii kama anafaa. Kunakuambia lazima umzungushie nini, na kama una fedha ya kununua vitu hivyo vyote viwili, mtu na mazingira yake. Rams walilipa mtu wakasahau mazingira. Detroit walilipa mazingira kwanza.

Chapa si mahali pa kujificha

Meneja mwenye woga hupenda chapa kwa sababu inaahirisha uamuzi. Kirk Cousins aliwekewa chapa na Washington mwaka 2016 kwa karibu dola milioni 20, akawekewa tena 2017 kwa karibu 24. Miaka miwili, karibu milioni 44, na mwishoni mwa yote aliondoka kwenda Minnesota, waliompa miaka mitatu ya dola milioni 84 zote za uhakika. Washington walilipa bei ya mtu wanayemwamini bila kumwamini, na hawakubaki na kwotabeki.

Kuna kuahirisha kulio halali. Ukiwa na mwaka mmoja tu wa ushahidi, nunua mwaka mmoja zaidi, lakini mwambie kijana usoni sababu ya kufanya hivyo. Green Bay Packers walikuwa na Jordan Love aliyekaa misimu mitatu nyuma ya Aaron Rodgers. Mei 2023, badala ya kuuchukua mwaka wa tano kwa bei yake kamili au kuukataa, walikubaliana naye nyongeza ya mwaka mmoja yenye thamani ya hadi dola milioni 22.5. Hawakuweka hata chapa. Akacheza, akarusha pasi 32 za kufunga, akawapiga Dallas nyumbani kwao kwenye mtoano, na Julai 2024 akapata miaka minne kwa milioni 220. Kila upande ulijua unasubiri nini. Naupenda mkataba ule mdogo kuliko mingi mikubwa niliyoitaja hapa.

Ravens na Lamar Jackson wanaonyesha upande wa pili. Jackson, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote mwaka 2019, hakuwa na wakala; alijadiliana mwenyewe. Misimu ilipita bila mkataba, goti likaumia Desemba 2022, klabu ikamwekea chapa Machi, naye akatangaza hadharani kwamba ameomba kuuzwa. Aprili walimpa dola milioni 260 kwa miaka mitano, na msimu huohuo akashinda tuzo yake ya pili. Klabu ilikuwa na bahati kwamba yeye hakubeba kinyongo uwanjani. Bahati ya namna hiyo usiiweke kwenye mpango wa kazi.

Ukisema hapana, iseme kwa kinywa chako

Baker Mayfield aliivusha Cleveland Browns raundi ya mtoano Januari 2021, jambo lililokuwa halijatokea tangu msimu wa 1994. Msimu uliofuata alicheza na bega lililochanika, akayumba. Kutomwongezea mkataba ulikuwa uamuzi wa kueleweka kabisa. Ni kwotabeki aliyehitaji kupimwa akiwa mzima. Kosa likaja baadaye. Machi 2022 klabu ilimfuata kwotabeki Deshaun Watson wa Houston, aliyekuwa anakabiliwa na kesi za madai za wanawake zaidi ya ishirini, ikatoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na nyinginezo, na kumpa dola milioni 230 zote za uhakika. Ligi ikamfungia mechi 11. Mayfield alitupwa Carolina, akazunguka, akaangukia Tampa Bay, akatwaa ubingwa wa kanda na kulipwa milioni 100 kwa miaka mitatu.

Mnyime kijana wako ikibidi. Lakini mwite ofisini, mweleze ulichokiona na usichokiona, mwambie utakuwa unatazama nini msimu ujao, na kama umeamua kumwacha, mwache angali na nafasi ya kupata klabu. Kijana aliyeambiwa ukweli hucheza mwaka wa mwisho kwa bidii kwa sababu anajua anashindania nini. Anayejua habari zake kutoka kwa watu wa nje hucheza akiangalia mlango.

Na usijaribu kuziba shaka yako kwa kifungu cha mkataba. Julai 2022 Arizona Cardinals walimpa Kyler Murray dola milioni 230.5 na ndani yake wakaandika kwamba lazima ajisomee video za mechi saa nne kila wiki kwa wakati wake mwenyewe. Kifungu kilipojulikana aibu ilikuwa kubwa, na klabu ikakifuta ndani ya siku chache. Ikiwa unaamini mtu hajitumi, usimpe robo ya bilioni. Ikiwa unaamini anajituma, usimwandikie adhabu ya mwanafunzi mtoro.

Fedha ya uhakika na mwili wa mtu

Utaletewa hoja kwamba uhakika upunguzwe kwa sababu kijana anaweza kuumia. Igeuze hoja hiyo: anaweza kuumia akikufanyia kazi wewe. Mikataba mingi ya NFL inavunjika wakati wowote klabu ikitaka. Ni sehemu iliyodhaminiwa tu inayobaki kuwa ahadi. Prescott alivunjika kifundo cha mguu Oktoba 2020 akicheza kwa chapa ya mwaka mmoja, akabebwa nje ya uwanja akilia, bila mkataba wa kesho. Dallas walimlipa miezi mitano baadaye, milioni 160 kwa miaka minne, na walifanya vema. Tua Tagovailoa wa Miami Dolphins alipata mitikisiko ya ubongo iliyotisha dunia mwaka 2022. Julai 2024 alisaini dola milioni 212 na Septemba akagongwa kichwa tena. Meneja anayelipia kichwa kama kile lazima awe amekaa na madaktari kwanza, na awe tayari daktari akisema basi, iwe basi, fedha ikilipwa na mtu akirudi kwa watoto wake.

Baada ya wino kukauka usiende kwenye sherehe. Burrow alipasuka goti msimu wake wa kwanza, wa pili akaangushwa mara 51 kabla ya mtoano na mara saba zaidi ndani ya Super Bowl yenyewe, na Bengals wakamlipa milioni 275 mwaka 2023. Alistahili kila senti. Mwaka 2024 aliongoza ligi kwa yadi za pasi na kwa pasi za kufunga, 43, na timu yake haikufika hata mtoano, kwa sababu mabeki walikuwa wanavuja kila wiki. Kiasi ulichomwahidi kijana wako kimebakiza karibu robo tatu ya ukomo, na sehemu kubwa ya hiyo inapaswa kwenda kwa wale watano wanaosimama mbele yake na wale kumi na moja wanaozuia upande wa pili. Wapigie mawakala wao kabla hujampigia mwandishi wa habari yeyote, na mwenye timu akirudi kutoka kuvua samaki akukute tayari umeanza na mlinzi wa kushoto.